Na Ugali, Unapita?

Chukua chupa ya parasetamoli ya watoto, ile ya mililita 100 inayopangwa kwenye rafu za maduka ya dawa kuanzia Makambako mpaka Kyela. Kibandiko chake kwa kawaida kinasema miligramu 120 katika kila mililita 5. Piga hesabu: chupa nzima ina miligramu 2,400, haifiki hata vidonge vitano vya kawaida vya miligramu 500. Mtu mzima mwenye homa anaruhusiwa kumeza vidonge viwili kwa mkupuo, mara nne kwa siku, asizidishe. Akitaka kiasi hicho kwa njia ya chupa itambidi anywe zaidi ya mililita 40 kila mara, na siku ikiisha awe amemaliza chupa moja na theluthi mbili ya chupa ya pili.

Simjui mtu anayekunywa hivyo. Ninaowajua wanakunywa vijiko viwili vya chai, kimoja kile cha mtoto na cha pili cha kulipia ukubwa wao, halafu wanajifunika blanketi wakisubiri homa ishuke. Vijiko viwili ni miligramu 240, chini ya nusu ya kidonge kimoja. Asubuhi wanalalamika kwamba dawa za siku hizi ni maji matupu, na kwa kiasi walichokunywa hawajakosea sana.

Watu wazima kudai dawa "ya maji" badala ya vidonge ni jambo lililozoeleka kiasi kwamba hakuna anayelihoji. Mimi naona linapaswa kuhojiwa, tena pale pale kaunta. Sisemi hivyo ili mteja asutwe. Mtu mzima anayekataa kidonge anatoa taarifa kuhusu koo lake, au hofu yake, au imani yake, na sisi taarifa hiyo tunaiuzia chupa na kuirudishia chenji.

Jioni moja ya mwezi wa saba, msimu ambao Uyole kila mtu anatembea amejikunyata ndani ya koti, nilikuwa nimesimama nyuma ya baba mmoja wa makamo kwenye duka la dawa. Muuzaji alikuwa binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe ya kifua. Ila iwe ya maji."

"Ya mtoto?"

"Yangu mwenyewe. Mimi na vidonge hatupatani."

Binti akacheka kidogo, akamtolea sirapu ya kikohozi na chupa ya antibayotiki ya unga. Akamwonyesha mstari ubavuni mwa chupa: chemsha maji, yaache yapoe, jaza mpaka hapa, tikisa. Kijiko kimoja kutwa mara tatu. Bahasha ya kaki, chenji, "ugua pole baba". Adabu yote ilikuwepo. Cheti cha daktari hakikuwepo, na swali la kwa nini hapatani na vidonge halikuulizwa.

Ile ya unga ilikuwa amoksisilini ya miligramu 125 kwa mililita 5. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 500 mara tatu kwa siku, yaani mililita 20 kila mara. Siku tano zinadai mililita 300, chupa tatu kamili. Baba yule aliondoka na chupa moja na maelekezo ya mtoto, kwa hiyo kila mara alikuwa anapata robo ya dozi. Vikohozi vingi vya msimu wa baridi vinatokana na virusi, na huenda hakuhitaji antibayotiki kabisa. Lakini kama kweli alikuwa na bakteria, kijiko kile kiliwapa bakteria mazoezi tu, wajifunze kuishi na dawa. Tunapozungumzia usugu wa dawa huwa tunamlaumu anayeacha dozi katikati. Huyu alikunywa mpaka tone la mwisho.

Na hapo bado hatujagusa kijiko chenyewe. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba mililita tatu, kingine kinazidi tano. Wala hatujagusa kutikisa. Dawa ya unga uliokorogwa hutuama, kwa hiyo asiyetikisa anakunywa maji matamu siku za mwanzo na dawa nzito mwishoni. Kwa dawa ya kifafa kama fenitoini, ambayo tofauti kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo, hilo peke yake linaweza kumwangusha mtu kifafa wiki ya kwanza na kumlevya wiki ya pili. Ukishachanganya maji, siku za kuishi za dawa nazo zinaanza kuhesabika. Nyingine zinataka friji kabisa, na baridi ya Uyole haigeuzi kabati kuwa friji.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Baadhi ya chupa ndogo za matone ya watoto wachanga zina parasetamoli nzito, miligramu 100 katika mililita moja tu, na kwa macho hazitofautiani sana na sirapu nyepesi. Dawa nyingi za mafua za maji nazo zina parasetamoli ndani yake. Mtu anakunywa sirapu ya mafua, anaona haimsaidii, anaongeza vidonge viwili, usiku anarudia vyote, na ini ndilo linalojumlisha.

Kwa nini basi watu wanaipenda? Ukiwauliza, wengi watakuambia ya maji inaingia kwenye damu haraka. Hilo lina ukweli wake. Kidonge lazima kwanza kivunjike tumboni ndipo dawa itoke. Ila famakopia ya Uingereza, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inataka kidonge cha kawaida kisicho na ganda kiwe kimevunjika ndani ya dakika 15. Kwa hiyo ya maji inatangulia kwa dakika, na baada ya hapo zote mbili zinapita utumbo ule ule na ini lile lile. Kwa maumivu makali dakika hizo zina maana. Kwa kikohozi cha wiki mbili hazina.

Chini ya hoja ya haraka kuna imani ya zamani zaidi. Kwetu tiba ilichemshwa na kunywewa muda mrefu kabla kidonge hakijafika na zahanati za misheni. Mwaka 2011, Mchungaji Ambilikile Masapila alipokuwa akitoa kikombe kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, watu walitoka kila kona ya nchi, wengine wakiwa wameacha dawa zao nyumbani. Sidhani kama vidonge viwili vyeupe kutoka mkono ule ule vingevuta foleni ile. Hata leo, anayenadi dawa kwa kipaza sauti stendi ananadi chupa ya lita moja yenye kitu cheusi kinachosafisha damu. Kimiminika kinaonekana, kina rangi, kina uchungu au utamu, unakisikia kikishuka. Kidonge hakina maonyesho.

Halafu kuna ya mtoto iliyobaki. Mtoto amepona, chupa ina nusu, baba anaumwa kichwa. Hili sina la kulisema zaidi ya kwamba zimwageni.

Hofu ya kumeza ndiyo inayostahili heshima zaidi kuliko inavyopewa, kwa sababu mara nyingi ina chanzo cha kweli. Mfano mzuri ni doksisaiklini, ambayo huku kwetu inaandikwa kwa magonjwa mengi. Ukiimeza kwa funda moja la maji kisha ukalala, inaweza kukwama katikati ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na kuyeyukia pale pale. Inachoma. Unaamka na maumivu ya kifua yanayokaa siku kadhaa, kila tonge linapita kama mwiba, na tangu siku hiyo vidonge vyote vya dunia vinakuwa maadui. Aspirini inaweza kufanya hivyo pia. Dawa yake ni glasi nzima ya maji, mtu akiwa amekaa au amesimama, na asilale kwa nusu saa. Nani anaambiwa hivyo dirishani? Anaambiwa moja kutwa mara mbili.

Kumeza kwenyewe kuna ufundi, na umepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya njia mbili. Kidonge ni kizito kuliko maji, kinazama. Unakiweka juu ya ulimi, unabana midomo kwenye mdomo wa chupa laini ya plastiki yenye maji, unainua kichwa na kufyonza maji mfululizo, kidonge kinaondoka nayo. Kapsuli, ile tunayoiita rangi mbili, ni nyepesi na inaelea. Hiyo unaiweka ulimini, unachukua funda la maji, unainamisha kidevu kifuani kisha unameza, nayo inaelea kuelekea kooni. Njia ya kwanza ilirahisisha umezaji karibu asilimia 60 ya mara zilipojaribiwa, ya pili karibu asilimia 89. Angalia jinsi watu wetu wanavyomeza rangi mbili: kichwa nyuma kabisa, macho darini. Ndiyo njia ya kuifanya ielee kuja mbele, kwenye meno.

Chakula laini kinasaidia pia, na hapo nyanda za juu hatuna upungufu. Kidonge ndani ya kijiko cha parachichi lililoiva kinateleza bila kugusa pembeni. Maziwa ya Rungwe, ambayo wazee wengi huyatumia kushushia dawa, ni habari nyingine: kalsiamu yake inaishika doksisaiklini au siprofloksasini na kuizuia isiingie mwilini kama inavyotakiwa. Hizo zimezwe kwa maji, maziwa yasubiri saa mbili.

Sasa tufike kwa wale ambao hakuna ufundi wa kumeza utakaowasaidia.

Saratani ya umio ina mpangilio wake. Mtu huanza kukwamwa na nyama na ugali. Anatafuna zaidi, anashushia maji, anamlaumu mpishi. Baada ya muda anahamia wali na viazi vya kuponda, kisha uji, mwisho hata maji yanarudi. Afrika Mashariki imo kwenye ukanda unaotoka Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini ambamo saratani hii ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, zikiwemo pombe na tumbaku. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliongeza vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinaisababisha. Sisi wa huku juu, chai isiyounguza ulimi tunairudisha jikoni.

Tatizo kubwa la ugonjwa huu ni kuchelewa. Wagonjwa wengi wanafika hospitali wakiwa kwenye hatua ya uji au ya maji, wamekonda, na uvimbe umeshaziba sehemu kubwa ya njia. Lakini kati ya ugali kuanza kukwama na uji kuanza kukwama kuna wiki au miezi, na ndani ya kipindi hicho mtu anaumwa mafua, anaumwa mgongo, anakwenda duka la dawa na kusema: nipe ya maji, vidonge vinanikwama. Pengine huyo muuzaji ndiye mtu wa kwanza mwenye koti jeupe kulisikia neno hilo. Nyumbani hakuna aliyeambiwa, maana mwanamume wa miaka 55 hatangazi kwamba ugali unamshinda.

Swali la kumuuliza halihitaji digrii ya famasia. Na ugali, unapita?

Akisema ugali unapita, nyama inapita, kande inapita, ila kidonge tu ndicho kinachogoma, basi tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa ni hofu au ufundi, na dakika mbili za maelezo zinatosha. Akisita, akasema siku hizi anapenda vyakula laini, hapo hakuna cha kuuza. Huyo anatakiwa kufika hospitali yenye kamera ya kuangalia umio, na afike mwezi huu.

Jibu la tatu ni kwamba vyote vinapita ila vinauma. Kwa mkoa kama Njombe jibu hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Kinga ikishuka, fangasi wa mdomoni, ule utando mweupe, wanashuka mpaka kwenye umio na kila mmezo unakuwa maumivu. Kwa mtu asiyejijua hali yake, hiyo inaweza kuwa dalili ya kwanza. Kwa aliye kwenye dawa ni mtego: maumivu yanamfanya aruke vidonge vya ARV, kuruka kunashusha kinga zaidi, na fangasi wanaongezeka. Flukonazoli kwa kawaida huanza kumpa nafuu ndani ya siku chache na kuwamaliza fangasi hao kwa wiki mbili tatu. Sirapu ya parasetamoli inamfunika tu mpaka hali iwe mbaya.

Na aliyepata kiharusi? Hapa desturi yetu inaweza kuua kwa nia njema. Mzee amepooza upande, mdomo umepinda, kidonge hawezi, basi familia inaona maji ndiyo salama. Kwa wengi wao maji mepesi ndiyo ya hatari zaidi. Koo lililolegea linachelewa kufunga njia ya hewa, na kimiminika chepesi kinakwenda kasi, kinaingia mapafuni kabla koo halijajipanga. Anakohoa kidogo, au hakohoi kabisa, na baada ya siku chache ana nimonia. Kitu kizito kama uji mzito mara nyingi kinapita salama kuliko sirapu. Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi hupimwa kumeza kwanza kabla ya kupewa chochote kwa mdomo, na anayemuuguza nyumbani aambiwe jambo hilo siku ya kuruhusiwa. Njia za Heidelberg hazimhusu huyu hata kidogo.

Kisichomezeka kinapondwa, ndivyo nyumba nyingi zinavyoamua. Vijiko viwili, kidonge katikati, kinasagwa, kinatiwa kwenye uji. Kwa parasetamoli ya kawaida hakuna ubaya. Kwa nifedipini ya kutoa dawa polepole, ile ya presha iliyojaa kwenye pakiti za wazee wetu, ubaya ni mkubwa: kiasi kilichotengenezwa kitoke kwa saa 12 au zaidi kinatoka kwa mara moja, na presha inaporomoka ghafla. Mzee anaonekana "amezidiwa". Omeprazoli nayo ina vijichembe vilivyovikwa ganda lisiloharibiwa na asidi ya tumbo. Ukivisaga umeitupa dawa. Kapsuli yake inaweza kufunguliwa na vijichembe vikamezwa vizima na kitu laini, lakini visisagwe wala kutafunwa. Dawa ikiwa na maandishi ya SR, XR au retard, yaani inatoka polepole, isiguswe na kijiko mpaka mfamasia aseme.

Vidonge vinavyochemka kwenye glasi vinaonekana suluhisho safi, na kwa kijana mwenye afya ni sawa. Kwa mwenye presha vina mtego wa chumvi. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha namna hiyo huwa na sodiamu kama miligramu 400, na vinane kwa siku vinapita gramu 2 ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka kuwa kikomo cha siku nzima, ugali na mboga zikiwemo. Mwenye kisukari naye aulize sukari ya sirapu. Mililita 40 mara nne kwa siku si kijiko tena.

Kisha kuna gharama, ambayo hatuioni kwa sababu imegawanywa chupa chupa. Kopo moja la vidonge 1,000 vya parasetamoli unalibeba kwapani. Dawa ile ile kwa sirapu ni chupa 208, karibu lita 21, na karibu zote ni maji na sukari. Lori linatoka Dar es Salaam, linapanda Kitonga kwa gia ya kwanza, tunalipia dizeli ya kupandisha maji kuyapeleka Tukuyu, mahali ambapo mvua haijui kupumzika.

Kwa sababu hizo hizo watoto wenyewe wanahamishwa kutoka kwenye chupa. Mwaka 2008 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani mjini Geneva walipendekeza dawa za watoto zielekee kwenye vidonge vinavyoyeyuka: vyepesi kusafirisha, vinakaa muda mrefu, dozi haitegemei kijiko. Dawa mseto ya malaria ya kuyeyuka ilifuata mwaka 2009. Zinki ya kuharisha ni kidonge cha kuyeyuka, amoksisilini ya nimonia ya watoto vilevile. Kwa hiyo mtoto wa Rungwe leo anapewa kidonge, na baba yake anadai sirapu. Na ndani ya kioja hicho kuna suluhisho ambalo sijasikia likitolewa kaunta: amoksisilini ya kuyeyuka ya miligramu 250, vidonge viwili kwenye maji kidogo, ni miligramu 500, dozi kamili ya mtu mzima aliyeandikiwa, bila chupa tatu.

Hamu ya wakubwa ya dawa ya maji imewahi kuacha makaburi. Mwaka 1937 nchini Marekani, salfanilamaidi ilikuwepo kama vidonge na unga, ikifanya kazi yake. Wateja wa kusini wakataka ya maji. Kampuni ya Massengill ya Bristol, Tennessee, ikaiyeyusha kwenye kiyeyushio kiitwacho daiethilini glaikoli, ikatia ladha ya rasiberi, ikauza bila kupima kama ni sumu. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakubwa kwa watoto, na sheria ya dawa ya Marekani ya 1938 ilitokana na msiba huo. Sumu hiyo haijatuacha. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sirapu zilizohusishwa na vifo vya watoto 66 Gambia. Ni kweli kidonge nacho kinaweza kughushiwa. Ila kidonge hakihitaji kiyeyushio, na kiyeyushio ndicho mlango ambao sumu hii imekuwa ikiingilia kwa zaidi ya miaka 85.

Nisieleweke vibaya. Kuna dawa za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na ni nzuri kwelikweli. Morfini ya maji ndiyo mfano bora. Uganda, tangu Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, unga wa morfini unachanganywa na maji na kumfikia mgonjwa wa saratani nyumbani kwa gharama ndogo, dozi ikipandishwa mililita kwa mililita kufuata maumivu. Kwa mgonjwa wetu wa umio asiyepitisha kitu kigumu, morfini ya maji kutoka hospitali yenye tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, ni haki yake. Methadoni kwa waliokuwa wakitumia heroini nayo ni ya maji, na Mbeya ina kliniki yake katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Inanywewa mbele ya mhudumu ili isihifadhiwe shavuni ikauzwe mtaani. Katika zote mbili kuna mtu aliyeamua iwe ya maji, akajua kwa nini, na anapima.

Hicho ndicho kinachokosekana kaunta, na kukipata si ndoto. Maduka ya dawa muhimu yalianza kwetu huku huku kusini, mkoani Ruvuma, mwaka 2003, yakichukua nafasi ya maduka ya dawa baridi ambayo kila mtu alikuwa ameshakata tamaa nayo. Wauzaji walifundishwa, maduka yakakaguliwa, na mpango ukasambazwa nchi nzima. Kuongeza ukurasa mmoja kwenye mafunzo yale hakuhitaji mradi wa wafadhili. Ukurasa useme: mteja mtu mzima akidai ya maji, muulize ugali unapita, muulize unauma, muulize aliwahi kupata kiharusi. Useme chupa za mtoto hazimtoshi, na hesabu iwe imeandikwa. Useme ni vidonge gani havipondwi. Na kila anayeuziwa ya maji kwa sababu ya kweli apewe sirinji isiyo na sindano ya mililita 10, badala ya kutumwa nyumbani akatafute kijiko.

Wenye maduka watasema mteja akiulizwa maswali mengi anakwenda duka la jirani. Ni kweli, anakwenda. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa kwenye hiari ya duka moja moja. Liwe kwenye mafunzo na kwenye orodha ya mkaguzi, ili akifika kwa jirani akutane na swali lile lile.